Khadija Yupi?

Asubuhi ya kliniki, foleni imeshavuka mlango wa nje. Mama mmoja anainamia dirisha la masijala na kutaja jina lake: Khadija Ramadhani. Kadi ameisahau nyumbani. Karani anapotelea kati ya rafu, na baada ya muda anarudi na mafaili matatu. La kwanza limeandikwa Khadija Ramadhani, la pili Hadija Ramadhani, la tatu Hadija Ramadhan, ile "i" ya mwisho haipo. Katika la kwanza mwaka wa kuzaliwa ni 1979, katika la pili ni 1981, na katika la tatu pameandikwa "mtu mzima", basi. Je, hawa ni wanawake watatu, au ni mmoja aliyefunguliwa faili jipya kila aliposahau kadi?

Foleni inasukuma. Karani anachagua faili lililo juu na kumwelekeza mama chumba namba nne. Huenda katika moja ya yale mawili yaliyorudi rafuni kuna mstari wa wino mwekundu usemao kwamba mgonjwa huyu akichomwa penisilini huvimba koo. Daktari wa chumba namba nne hatauona.

Mkasa wa namna hii ni wa kawaida popote kumbukumbu za wagonjwa zinapotunzwa kwa karatasi, na watu wengi huamini kwamba tiba yake ni kompyuta. Kompyuta peke yake haiponyi kitu. Ikiletwa bila kufikiriwa, akina Khadija watatu wa rafuni huwa akina Khadija watatu wa kwenye skrini, tena wenye kuaminika zaidi machoni pa watu kwa sababu majina yao sasa yamechapwa. Kinachoponya ni maamuzi yanayofanywa kabla mashine haijanunuliwa: nani atajulikana kuwa nani, neno gani litakuwa na maana gani, kosa likitokea litarekebishwaje, na yule anayeandika atapata nini kwa jasho lake. Maamuzi hayo hufanywa na wasanifu wa kanzidata. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali ana haki ya kuyaelewa, kwa sababu anayehifadhiwa humo ni yeye.

Kanzi ni neno la kale la Kiswahili lenye maana ya hazina, mali iliyofichwa mahali salama. Kanzidata, au hifadhidata kama wengine wanavyoiita, ni hazina ya taarifa zilizopangwa katika majedwali. Jedwali moja la watu, jingine la mahudhurio, jingine la vipimo, na kamba zisizoonekana zinazounganisha mstari wa jedwali hili na mstari wa lile. Mpangilio huu ulielezwa na Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970, na hadi leo benki, mashirika ya ndege na hospitali zinautegemea. Tofauti ni kwamba benki huhesabu shilingi, na shilingi zote ni sawa. Hospitali huhesabu watu.

Na watu wana majina. Ili kuwapata watu ambao majina yao huandikwa kwa tahajia tofauti, wataalamu wengi hutumia mbinu iitwayo Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Inageuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu kwa kufuata sauti zake, ili majina yanayofanana kwa sauti yapate alama moja. Kwa baadhi ya majina yetu inafanya kazi vizuri: Fatuma na Fatma wote hupata F350, Muhammad na Mohamed wote M530. Lakini Soundex huishika herufi ya kwanza na haiiachi. Kwa hiyo Khadija hupata K320, Hadija hupata H320, na mashine itaapa kwamba hawajuani. Vilevile iliziweka R na L katika makundi mawili mbalimbali, kwa sababu ilitungwa kwa masikio ya Kiingereza. Karani wa mahali ambapo Ramadhani hutamkwa Lamadhani, na wako wengi, hatasaidiwa na mbinu hiyo hata kidogo. Msanifu anayejua lugha ya dirishani huandika kanuni zake mwenyewe: "kh" na "h" zihesabiwe sawa, "dh" na "z" zikaribiane, R na L zisitenganishwe, irabu ya mwisho isipewe uzito.

Umri nao una mambo yake. Mzee anayejua tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa hawezi kutaja tarehe. Mfumo unaolazimisha tarehe kamili humfanya karani abuni, na ubunifu wa makarani wote duniani huangukia siku moja: tarehe 1 Januari. Baada ya miaka michache kanzidata hujaa wazee waliozaliwa Mwaka Mpya. Tiba yake ni ndogo na inapendeza: karibu na safu ya tarehe ya kuzaliwa huwekwa safu nyingine yenye jibu la ndiyo au hapana, ikisema kama tarehe hii imekadiriwa. Daktari anayekadiria kipimo cha dawa ya mtoto kwa umri atajua kama anasimama juu ya mwamba au juu ya mchanga.

Halafu kuna mapacha. Kurwa na Doto wana mama mmoja, ubini mmoja, siku moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja na namba moja ya simu, ile ya mama yao. Programu iliyofundishwa kuunganisha mafaili yanayofanana itawaunganisha hawa wawili bila kusita, na chanjo ya Kurwa itahesabiwa kuwa ya Doto. Ndiyo maana waliobobea hawaiachii mashine iunganishe mafaili peke yake. Mashine hupendekeza, na binadamu humwuliza mama.

Ili kupunguza kutegemea majina, mgonjwa hupewa namba. Namba nayo hukosewa, hasa tarakimu mbili za jirani zinapobadilishana nafasi. Hapa kuna ufundi mmoja mzuri, wa Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyepata hataza yake mwaka 1960. Chukua namba 28417. Kuanzia kulia, zidisha kwa mbili tarakimu moja, ruka moja, zidisha inayofuata, hadi mwisho. Jibu likizidi tisa, jumlisha tarakimu zake mbili. Saba inakuwa 14, yaani 5. Moja inabaki 1. Nne inakuwa 8. Nane inabaki 8. Mbili inakuwa 4. Jumla ni 26, na kufika 30 inapungua 4. Basi kadi ya mgonjwa itasomeka 28417-4. Karani akiteleza na kuandika 28147-4, mashine hurudia hesabu, hupata 23 na kutarajia 7 mwishoni, na papo hapo hukataa. Mabadilishano pekee ya majirani yanayoipita hesabu hii ni ya 0 na 9. Ni ufundi uleule unaolinda namba za kadi za benki, na unagharimu tarakimu moja tu.

Ukitaka kuona maamuzi haya yakizaliwa mahali halisi, shika barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet, magharibi mwa Kenya. Njiani kuna kituo cha afya cha Mosoriot. Mwanzoni mwa mwaka 2001, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walifunga humo mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa programu ya kawaida ya ofisini, Microsoft Access, ukiwa na akiba ya umeme wa jua kwa ajili ya zile saa ambazo umeme wa gridi haupo. Kabla ya hapo kila hudhurio lilikuwa likiandikwa kwa mkono kwenye rejesta, na ripoti za kila mwezi za wizara zilitoka humo kwa kuhesabu mstari kwa mstari.

Walipima kazi ilivyokwenda kabla na baada. Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2003. Muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Muda ambao mhudumu alitumia kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58, na muda wa kusubiri kwa asilimia 38. Lakini watafiti hao waliandika pia jambo ambalo wauzaji wa mifumo hawapendi kulitaja: muda uliookolewa haukwenda kwa wagonjwa. Wahudumu walizungumza na wagonjwa kwa nusu ya muda wa awali, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe kwa theluthi moja ya muda wa zamani, na wakapata nafasi zaidi ya shughuli zao binafsi. Uaminifu huo unastahili heshima. Mashine inaweza kufungua nafasi. Nani ataketi katika nafasi hiyo ni suala la uongozi wa kituo, na hakuna jedwali linaloweza kulijibu.

Kisha UKIMWI ukaongeza kasi ya kila kitu. Ushirikiano uleule wa Moi na Indiana ulianzisha mwishoni mwa 2001 mpango wa tiba uitwao AMPATH. Wagonjwa waliongezeka kwa maelfu, fomu zikabadilika kila miongozo ya matibabu ilipobadilika, na ule mfumo mdogo wa Mosoriot ukaanza kuhema. Mwaka 2004 madaktari wawili wanaojua pia kuandika programu, Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis, walifika Eldoret. Burke alikuwa akifuata nyayo za nyumbani: baba yake, Joe Mamlin, ni miongoni mwa waliouasisi ushirikiano wa Indiana na Moi. Wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, aliyekuwa ameshajenga mifumo ya kifua kikuu Peru na ya UKIMWI Haiti, na Chris Seebregts wa Afrika Kusini. Zao lao ni OpenMRS, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua, kuisoma na kuibadilisha. Ilianza kazi Eldoret mwaka 2006, ikafuata Rwinkwavu nchini Rwanda mwaka huohuo, na leo iko katika nchi zaidi ya 40. KenyaEMR na UgandaEMR, ambazo wahudumu wa Kenya na Uganda hukutana nazo kila siku katika kliniki za UKIMWI, zimejengwa juu yake.

Siri ya uhai wake iko katika jedwali moja. Msanifu mgeni akipewa kadi ya kliniki huichora kama ilivyo: safu ya tarehe, safu ya uzito, safu ya presha, safu ya joto. Inaonekana sawa, hadi wizara iongeze swali. Swali jipya ni safu mpya, safu mpya inagusa programu nzima, na fundi anaitwa kutoka mjini. Wajenzi wa OpenMRS walipindua mpango. Badala ya kutenga safu kwa kila swali, walitenga mstari kwa kila jibu. Mstari mmoja husema: mtu huyu, tarehe hii, kitu hiki, kiasi hiki, ameandika fulani. Uzito wa Khadija kilo 52 ni mstari mmoja. Presha yake ya juu, 138, ni mstari mwingine. Kesho wizara ikitaka mzingo wa mkono, hakuna jedwali linalobomolewa. Kinaongezwa kitu kimoja katika kamusi, na mistari inaendelea kumiminika.

Mpango huo una gharama yake. Ukitaka orodha ya wajawazito wote ambao presha yao imevuka 140, mashine italazimika kuokota vipande kutoka mamilioni ya mistari na kuvishona upya. Kwa hiyo wajenzi hutengeneza pembeni majedwali mapana ya ripoti, na kuyafanya upya kila baada ya muda, ili daktari asisubiri na takwimu zisikose.

Hiyo kamusi ndiyo moyo wa kazi, na kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo sehemu ya kupendeza kuliko zote. Mgonjwa akisema "nina homa", mara nyingine ana maana ya joto la mwili, mara nyingine ana maana ya malaria. "Kifua" chaweza kuwa kifua kikuu, pumu, nimonia au kikohozi cha wiki moja. Mama akisema mtoto amepatwa na degedege, anaeleza mtukutiko wa mwili alioushuhudia kwa macho yake, na pengine anaeleza pia anachokiamini kuhusu chanzo chake, kwa sababu wapo wanaolihusisha na mashetani na humpeleka mtoto kwingine kwanza. Mhudumu akiandika "malaria" tu, ushuhuda wa mama umepotea. Akiandika "degedege" tu, wizara haiwezi kuhesabu.

Kamusi nzuri huhifadhi vyote viwili. Kila dhana hupewa namba isiyobadilika, na namba hiyo hubeba majina mengi: la kitaalamu, la Kiswahili, kifupi cha wodini. Kisha huunganishwa na vitabu vya dunia, kama orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambamo malaria ya falciparum ni B50 katika toleo la kumi. Toleo la kumi na moja lilianza kutumika rasmi Januari 2022. Vituo vingi vya OpenMRS havijiandikii kamusi kutoka sifuri. Huchukua ile iitwayo CIEL, iliyokuzwa na daktari Andrew Kanter akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, kisha huongeza maneno ya kwao. Kazi ya kuongeza maneno ya kwao mara nyingi hupewa kijana wa kompyuta. Ingefaa ifanywe na mwuguzi wa miaka mingi aliyekaa mezani na mtu wa lugha.

Kamusi hubeba vipimo pia. Sukari ya 7 na sukari ya 126 ni kiwango kilekile. Ya kwanza imepimwa kwa milimoli kwa lita, ya pili kwa miligramu kwa desilita, na kutoka hapa kwenda pale unazidisha kwa 18. Mgonjwa aliyetibiwa ng'ambo akileta karatasi iliyoandikwa 110, na karani akaichapa kama ilivyo katika mfumo wa milimoli, skrini itaonyesha mtu ambaye hangepaswa kuwa hai. Ndiyo maana dhana ya sukari hufungwa pamoja na kizio chake, na huwekewa mipaka ambayo mashine haitakubali ivukwe.

Na ukimya unasemaje? Fomu ina swali: je, mgonjwa ana mzio wa dawa? Kisanduku kiko tupu. Tupu hiyo yaweza kuwa "hana". Yaweza kuwa "hakuulizwa". Yaweza kuwa "aliulizwa, hajui". Kwa karatasi, daktari hukisia kwa kutazama mwandiko na kukumbuka ni nani alikuwa zamu. Programu nyingi mbovu huichukulia tupu kuwa "hapana", na kwa tendo hilo moja huzalisha maelfu ya watu wasio na mzio ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Msanifu makini hutenganisha majibu hayo matatu na kuyapa sura tofauti kwenye skrini, hata kama fomu itarefuka. Afadhali fomu irefuke.

Katika wodi za karatasi kuna adabu ya zamani ambayo wauguzi hufundishwa chuoni: ukikosea usifute, wala usimwagie wino mweupe. Pitisha mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika sahihi pembeni, weka tarehe na saini. OpenMRS iliichukua adabu hiyo na kuiingiza katika majedwali yake. Mhudumu akibadilisha jibu, mstari wa zamani haufutwi. Huwekewa alama kwamba umebatilishwa, na nani, lini, kwa sababu gani, kisha mstari mpya huandikwa chini yake. Kwenye skrini unaonekana mpya peke yake, lakini wa zamani upo. Siku familia itakapouliza kwa nini ndugu yao alipewa dozi ile, jibu litapatikana: saa nne asubuhi uzito wake ulisomeka kilo 72, na saa saba ukarekebishwa kuwa 27.

Kumbukumbu zikishapangwa vizuri zinaweza kuzungumza. Mwaka 1972, Clement McDonald alianza huko Indianapolis mfumo wa kompyuta uliokuwa na wagonjwa 35 wa kisukari. Mwaka 1976 alichapisha utafiti ambamo kompyuta iliwachapia madaktari karatasi za kuwakumbusha mambo waliyopaswa kuyafanya. Wenye karatasi walichukua hatua katika asilimia 51 ya matukio. Wasio nayo, asilimia 22. Hoja yake ilikuwa ya upole: madaktari hawakuwa wajinga, walikuwa binadamu wenye mengi kichwani. Miaka zaidi ya 30 baadaye wazo hilo likavuka bahari hadi Eldoret. Martin Were na wenzake waliwapa wahudumu wa kliniki ya watoto wenye VVU muhtasari uliochapwa kutoka OpenMRS, chini yake pakiwa na vikumbusho: mtoto huyu hajapimwa kinga ya mwili (CD4), huyu hajapigwa picha ya kifua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ambapo vikumbusho vilitolewa, asilimia 68 ya kazi zilizochelewa zilifanywa. Ambapo havikutolewa, asilimia 18. Iangaliwe vizuri tofauti hiyo, kwa sababu dawa na daktari havikubadilika. Kilichoongezwa ni mistari michache ya wino iliyotoka mahali sahihi, kwa wakati sahihi, kuhusu mtoto sahihi.

Mahali napo pana amri zake. Lilongwe, Malawi, miaka ya mwanzo ya 2000, watu wa shirika la Baobab Health waliona kwamba wahudumu wengi hawajazoea kibodi, wakajenga skrini za kugusa zenye swali moja kwa wakati mmoja na vitufe vikubwa, kwenye mashine zinazokula umeme kidogo. Sierra Leone, wakati wa Ebola ya 2014, karatasi iliyoingia eneo la wagonjwa haikuruhusiwa kutoka, kwa hiyo wahudumu ndani ya mavazi ya kujikinga walipaza sauti kuvuka uzio na wenzao wakaandika upande wa pili. Madaktari Wasio na Mipaka wakishirikiana na watu wa Google wakatengeneza kishikwambi ndani ya ganda la plastiki linaloweza kuzamishwa kwenye klorini. Moyo wake ulikuwa OpenMRS. Kwa wanaotembelea kaya mahali pasipo na mtandao kuna mUzima, programu ya simu iliyotokana na kazi ya Eldoret. Jina lake ni neno letu lenye herufi ya simu mbele. Hukusanya taarifa bila intaneti na kuzituma mhudumu anapofika penye mawimbi.

Kuna jambo ambalo karatasi ililifanya vizuri bila kukusudia: ilikuwa ngumu kuiba. Mwizi wa mafaili elfu kumi angehitaji lori. Mwaka 2018 Singapore ilipoteza taarifa za wagonjwa milioni 1.5 kwa wavamizi wa mtandaoni, waziri mkuu wake akiwemo. Finland mwaka 2020 yalitokea mabaya zaidi: aliyeiba kumbukumbu za kampuni ya tiba ya saikolojia, Vastaamo, aliwaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akidai fedha ili asichapishe waliyomweleza mtaalamu wao faraghani. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 na ile ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 zimezipa habari za afya hadhi ya taarifa nyeti. Lakini katika mji mdogo hatari ya kila siku haitoki Finland. Inatoka kwa shemeji anayefanya kazi mapokezi. Mwenye VVU anayepanda basi kwenda kliniki ya wilaya nyingine anamkimbia huyo. Kwa ajili yake msanifu huamua kwamba mapokezi waone jina na namba tu, mfamasia aone dawa, na kila faili linapofunguliwa, mfumo uandike ni nani kalifungua na saa ngapi, katika daftari ambalo mfunguaji hawezi kuligusa. Na daftari hilo lisomwe na mtu kila wiki, la sivyo ni pambo.

Lililobaki ni gumu kuliko yote, nalo linaonekana wodi ya wazazi usiku. Mtoto amezaliwa, kilo 3.1. Mkunga anaandika uzito huo kwenye chati ya mama. Anauandika kwenye kadi ya mtoto. Anauandika kwenye kitabu cha MTUHA, rejesta rasmi ya takwimu za afya nchini Tanzania, kwa sababu bila kitabu hicho kituo hakina cha kuonyesha wakaguzi wakija. Kisha ipo kompyuta, mezani mwishoni mwa korido, yenye fomu ya kurasa tatu inayouliza tena jina la kijiji. Mama mwingine anaita. Mradi unaweza kuwa na kamusi safi, namba zenye tarakimu ya ulinzi na seva mpya chumbani, na bado ukamfia mkunga huyu mikononi, kwa sababu hakuna aliyempunguzia hata kitabu kimoja alipoongezewa skrini. Walioketi naye zamu nzima kabla ya kuchora jedwali la kwanza hujua la kuwaomba wenye mamlaka: kubalini ripoti ya mashine kuwa ripoti halali, ili kitabu kifungwe. Ombi hilo lisipojibiwa, mkunga ataendelea kuandika vyote vinne, na ikifika saa tisa usiku, cha kwanza kurukwa kitakuwa kompyuta.